Shujaa Anakula Kile Wenye Nyumba Wanakula

Wakati nilikuwa kijana, nilibeba chumvi kwa miguu mupaka Itebero. Mvua ikaninyeshea siku mbili. Kufika, mufuko ulikuwa na maji tu, chumvi yote ilinimwangikia mugongoni. Mama mumoja pale akanichekea: «Sasa tukupike wewe?» Lakini akanipa lituma, zile ndizi za kuponda, na wakati nilikuwa nakauka akaniadisia shujaa wa zamani aliyepita pori yeye na imbwa wake. Ile adisi niliijua, baba alikuwa anatuadisia. Ila kwa baba shujaa alikula maharagi, na kwa ule mama alikula lituma. Pale njo nilielewa kazi ya kuadisia: shujaa anakula kile wenye nyumba wanakula. Watoto wanajua alipita kwao.

Nimeadisia hivyo maisha yote. Hapa Nyabiondo, kwa walimaji, anakula maharagi. Kwa majirani wenye ng'ombe, anakunywa maziwa.

Lakini ninazeeka. Siku moja jina la ule imbwa lilinipotea, mutoto njo alinikumbusha. Na kuandika kwangu iko shida, nilisoma miaka mbili tu. Kwa hiyo wakati mwalimu mumoja wa Pinga alikuja na moto yake, ile pikipiki, anatafuta adisi za kitabu cha watoto, nilifurahi sana. Nilisema, basi, hazitakufa na mimi.

Siku ya kwanza tuliketi kwa walimaji. Siku ya pili kwa wenye ng'ombe, watoto wote wakatufuata. Mwalimu akasimamisha biki yake ya kuandika.

«Papa, jana ulisema maharagi.»

«Jana tulikuwa kwa walimaji.»

«Kweli kabisa, alikula nini?»

«Maziwa,» mutoto wa pale akajibu.

«Na maziwa tu, angepigana na nani?» mutoto wa walimaji akamuuliza.

«Na maharagi yenu, adui wangemusikia tangu mbali.»

Watoto wakacheka mupaka kuanguka. Mwalimu hakucheka.

«Kitabu kinasema mara moja tu, Papa. Chagua.»

Kitabu nilikitamani, siwezi kudanganya. Neno moja tu na kingekuwa. Lakini huku kwetu, kwenye walimaji na wenye ng'ombe wanagombania udongo, ukisema maziwa ao maharagi, umesema shujaa iko wa nani, na kesho watu watauliza mulima iko wa nani. Nikaangalia wale watoto wawili, walikuwa wangali wanasukumana na kucheka.

«Andika alikula kile walimupa.»

«Nani walimupa?»

«Wenye nyumba.»

«Hiyo si jibu, Papa.»

Akafunga kaye, kile kitabu chake cha kuandikia, akaniaga kwa heshima, akashika njia ya Pinga. Hakurudi tena.