Gari Refu na Nyonga ya Mama Mkwe

Nilifunga safari kwa sababu ya nyonga ya mama mkwe wangu. Aliteleza kwenye zizi la ng'ombe huko kwao, ng'ambo ya Lalago, akaumia, na daktari wa mifupa huja Bariadi siku moja tu kwa mwezi. Mwezi huu siku hiyo ilikuwa Jumatano. Magari ya kukodi hayafiki kwao ile mbuga ya udongo mweusi ikishalowa. Langu linafika, maana mimi nauza dawa za mifugo vijijini, na gari langu la fowili nililinyanyua kwa ajili ya tope hilohilo. Sasa tatizo likawa hapohapo. Tangu fundi aweke vipande viwili vya chuma juu ya springi za mbele, gari linapita popote, lakini kwenye lami likifika sabini usukani unacheza kama una homa. Kabula, mke wangu, alipanda mara moja tu, akashuka ameshika kifua.

"Mama yangu hapandi hiki kitu mpaka ukitengeneze," alisema. Kisha akatangulia kwao kumuuguza.

Jumatatu asubuhi, Bariadi, nilianza na Shija, fundi aliyelinyanyua. Akalala chini ya gari, akatoka na jibu. Ukiinua gari la aina hii, ekseli ya mbele inajipinda kidogo, na ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, mafundi wanauita kasta, unapotea. Dawa yake ni kubadili bushi, zile raba za kwenye mikono inayoshika ekseli, ziwekwe zilizotobolewa pembeni ili ekseli irudi kulala inavyotakiwa.

"Unabeba nini safari hii?" akaniuliza.

"Mzigo wa kawaida," nikasema.

Jamani, ningesemaje? Gereji ilikuwa imejaa wanaume, wamekaa juu ya matairi wanakunywa kahawa. Kwetu mkwe ni mkwe. Simshiki mkono, sikai naye mkeka mmoja, nikikutana naye njiani napisha. Nianze kutangaza nyonga yake mbele ya watu wale? Shija akasema bushi hizo hana, huenda nikazipata Lagangabilili.

Saa tano nilikuwa Lagangabilili. Mwenye duka la spea pale ni Bwana Salum, mtu wa Kondoa, mpole, ana miwani iliyofungwa uzi. Bushi hana. Ila alitoka nje, akaibonyeza boneti kwa viganja viwili, gari likanesa mara tatu.

"Bwana, bushi za nini? Shokapu zako ni fupi kwa gari la kimo hiki. Zimevutika mpaka mwisho. Weka ndefu, weka ngumu, utulie. Unabeba nini?"

"Mzigo."

"Mzito?"

Nikafikiri kidogo. "Wa heshima," nikasema. Akanitazama juu ya miwani, akaniletea shokapu ngumu kuliko zote dukani.

Mteja mmoja aliyekuja kununua plagi akadakia kuwa shokapu hazihusiani kabisa. Yeye angefunga kile kibomba cha kuzuia usukani usitikisike, basi. Bwana Salum akamwambia huko ni kuficha ugonjwa. Wakaanza kubishana, mmoja anachora kwenye boksi, mwingine anafuta kwa kidole. Mimi kila aliyesema niliona kasema kweli. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikaondoka bila kununua kitu, nikiwa sijui hata nilichokikataa ni kipi.

Mchana nikapita Maswa bila kusimama. Barabara ni nzuri, imenyooka, na ndiyo inayoumbua gari bovu. Sitini, sawa. Sabini, usukani ukaanza. Nikarudi hamsini na tano, malori ya pamba yakanipita moja baada ya jingine yakinipigia honi. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikaogopa. Nilijiuliza itakuwaje nikimweka mama wa watu kiti cha mbele, mgonjwa, tuanze kuyumba hivi.

Alasiri nikaingia Lalago, kwa fundi Mabula, anayetengeneza magari ya kubebea pamba na ng'ombe. Ni mtu mzima, mnene, haongei haraka. Nikamsalimia, "Mwadila," akaitikia. Nikammwagia yote: bushi, shokapu, kibomba cha usukani, na wazo langu mwenyewe nililolipata njiani, kwamba akate vile vishikizo vya mikono ya ekseli avichomelee chini zaidi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Yote yanawezekana," akasema. "Unabeba nini?"

"Mzigo wa kawaida."

"Baba, huo mzigo hauna jina? Ni dawa? Ni marobota? Mimi springi siichagui gizani."

Wasaidizi wake wawili wakasimama kusikiliza. Nikamvuta pembeni, nyuma ya trela bovu, nikamwambia kwa sauti ya chini kama mwizi. Mama mkwe. Nyonga. Jumatano.

Mabula hakucheka. Alirudi kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akasimama mbele ya kiti. Kiti kilimfika karibu na kifua.

"Atapandaje hapa?"

Nikasema ndugu zake watamnyanyua.

"Mtu nyonga inamuuma, wamnyanyue mpaka huku? Haya, wamemnyanyua. Njiani akitaka kushuka kujisaidia, mkeo peke yake atamweza? Au utambeba wewe?"

Mweee! Nilitamani ardhi ipasuke. Siku nzima nimezunguka naulizia mlalo wa ekseli, hata mara moja sikumwona yule mama akiwa amesimama kando ya gari.

"Toa vile vyuma," nikasema.

"Gari likishuka, kasta inarudi yenyewe. Usukani utatulia. Lakini mbuga ya kwao huipiti."

"Toa tu."

Nilisema hivyo bila uhakika wowote. Gari refu lisilopandika, gari fupi lisilofika, nilikuwa nachagua kati ya hasara mbili.

Jumanne asubuhi walivitoa. Gari likakaa chini kama gari la mtu mwingine, na sitaficha, liliniuma, maana watu walikuwa wananisifia kile kimo. Nikajaribu lami. Sabini. Themanini. Usukani kimya. Mchana nikafika kwenye mbuga, nikaenda mita chache tu kwenye tope jeusi, tumbo la gari likagusa chini. Nikarudi kinyumenyume hadi penye changarawe, nikampigia Kabula simu nikijua nitatukanwa.

"Umekwama?"

"Sijakwama. Siwezi kupita. Nimelishusha, mama apate kupanda."

"Kaa hapohapo," akasema.

Jumatano, kulipopambazuka, niliwaona wakikata mbuga, shemeji zangu wanne wamebeba kitanda cha kamba begani, tope magotini, Kabula nyuma na maji. Mama alikuwa juu yake amejifunika kanga mbili. Nikasogea mbali, nikageukia upande, kama inavyopasa. Nilisikia mlango ukifunguka. Nilisikia akiguna mara moja. Kabula aliponiita, mama alikuwa ameshaketi mbele, mguu mmoja ameunyoosha. Kabula aliniambia mama alishika mlango akaingia mwenyewe, yeye kamshika kiuno tu.

Njia ya kurudi sikupita duka lolote. Mpaka leo sijui kati ya Shija, Bwana Salum na yule mnunua plagi nani alikuwa sahihi, na mvua zikizidi nitahitaji kimo tena na nitachanganyikiwa upya. Nilichojifunza ni hiki tu, kwamba kabla hujachagua springi umtaje atakayekaa juu yake, hata kama ni mtu usiyeruhusiwa kumgusa.

Tulipoipita Lagangabilili nilikuwa naendesha sitini, mikono imekakamaa, naogopa kumtikisa. Mama alizungumza Kisukuma, akimwelekea Kabula aliyekaa nyuma, maana mimi hanisemeshi moja kwa moja.

"Mwambie huyo mwenye gari akanyage mafuta. Kwani amenibeba mayai?"