Simu ya Ghala la Pundanhar

Mhandisi aliyeletwa kutoka Maputo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka ya mtu ambaye hajawahi kukimbia kwao. Alikaa kwenye kiti changu, akachomeka diski yangu kwenye mashine mpya. Skrini ikauliza kama tunataka mipangilio ya mtandao ibaki kama ilivyokuwa au ifutwe tuanze upya. Mkono wake ukaenda kwenye kufuta. Nikaushika.

"Calma, mana. Tulia, dada," akasema. "Tuanze na usafi."

"Usafi kaufanye kwenu," nikamjibu. "Hapa anwani inabaki ile ile."

Kampuni yetu ni ndogo, inanunua korosho na ufuta. Kabla ya vita ilikuwa na ofisi hapa Palma na maghala mawili, moja Mbau, moja Pundanhar, na kila ghala lilikuwa na simu ya mezani iliyopita kwenye antena. Simu hizo zote zilitegemea seva moja, nayo haikuwa na mwili wake. Ilikuwa mashine pepe, inayokaa ndani ya mashine kubwa kama mpangaji wa chumba. Ukiwa na nakala yake kwenye diski, unaweza kuihamishia mashine nyingine ikaamka na mambo yake yote. Tatizo ni moja. Ikikuta kadi ya mtandao isiyoijua, huitupa kando anwani yake ya zamani na kuchukua yoyote inayopewa, wala haimwambii mtu. Simu za maghalani nilizipanga mwenyewe, na zilijua anwani moja tu. Seva ikihama, zingeendelea kuiita mahali ambapo haipo.

Mhandisi akasema basi tutakwenda kuzibadilisha huko huko. Nikamuuliza kama barabara ya Pundanhar ataipita yeye. Akabonyeza ibaki.

Sikumwambia kwamba mtunza ghala wa Pundanhar alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama.

Siku tuliyokimbia Palma, mama alibeba Msahafu na sufuria, mimi nikabeba diski ya nakala nimeifunga kwenye kanga. Mdogo wangu alikuwa kazini kwake. Tangu siku hiyo hatukupata habari zake. Mmoja alisema alimwona Nangade, mwingine akasema amevuka Rovuma yuko Tanzania, na kila aliyesema aliapa. Tulipokuwa Pemba, ule mji wa huku Msumbiji, ndugu walimsihi mama tumsomee hitima kijana wake. Mama akakataa katakata.

"Habari ya kifo haijanifika," aliwaambia. "Mnataka nimzike kwa midomo yenu?"

Kila Ramadhani ilipoisha alipima mchele wa zakati ya fitri, pishi moja kwa kila aliye hai nyumbani kwetu, na ya kwanza ilikuwa ya mwanawe. Watu walinong'ona. Mimi nilimkasirikia mama kwa ukaidi huo, na papo hapo niliiona ile pishi nikafurahi. Sijui mtu hueleza vipi hali kama hiyo.

Siku hiyo ya mhandisi, tukiwa tumesharudi Palma, tukaiwasha seva. Ikaamka na anwani ngeni. Mhandisi alikuwa amekubali mipangilio ibaki, lakini alisahau kuihamisha namba ya kadi ya zamani, ndiyo maana seva ilijiona iko ugenini. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Tukaizima, tukairudishia namba ya kadi yake, tukaiwasha tena. Safari hii ikajikumbuka. Kabla ya alasiri simu ya Mbau, ambako wenzetu walikwisha kurudi, ikawaka nukta ya kijani kwenye skrini. Ya Pundanhar ikabaki ya kijivu.

Mhandisi akarudi kwao. Mama akaanza kuniletea chakula ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nilipokuwa mtoto wa shule. Alikuwa anaweka bakuli la wali na mchuzi wa pweza mezani, anakaa, anaitazama skrini. Kusoma hajui, lakini nukta ya Pundanhar aliijua. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Siku moja nukta ile ikawa kijani. Mama ndiye aliyeiona. Nikapiga, nikaweka spika. Simu ikaita, ikaita, kisha tukamsikia.

"Hapa ghala la Pundanhar. Nimetoka kidogo. Acha ujumbe, nikirudi nitakupigia."

Nyuma ya sauti yake jogoo anawika, na yeye anazuia kicheko, kwa sababu siku ya kurekodi nilisimama kando yake nikimgombeza.

Mama alikuwa amesimama. "Umesikia? Akirudi atapiga."

"Mama, hiyo ni sauti ya zamani. Ilikuwa ndani ya nakala, imerudi pamoja na seva."

"Simu si iko kwake? Si imewaka leo?"

"Imewaka."

"Basi piga tena."

Nikapiga tena, na safari hii mtu akapokea. Alikuwa mwanamke, mtu mzima. Akasema amerudi shambani kwake, anajisitiri kwenye lile ghala, na asubuhi hiyo alifunga waya kwenye sola ili achaji simu yake. Hakujua kama ataliamsha na hili dude linalolia.

Nikamwamkia, nikamuuliza kuhusu mtunza ghala.

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Mama yake yuko hapa."

"Poleni, mwanangu. Tulimzika wenyewe, nyuma ya ghala, siku ile ile ya vita. Maji hatukuwa nayo, tulimtayamamisha kwa udongo."

Mama akaishika meza. "Mlimlaza kibla?"

"Tulimlaza kibla, mama. Sanda ilikuwa kanga yangu."

"Mungu akusitiri, mwenzangu," mama akasema, kisha akakaa chini sakafuni, pale pale, na bakuli la mchuzi likapoa.

Hitima tuliisoma Ijumaa iliyofuata. Baadaye kampuni ikapata mtunza ghala mpya, na mhandisi akanipigia kusema yule bwana arekodi salamu zake mwenyewe badala ya zile za mdogo wangu. Nikamwambia salamu za zamani ni sehemu ya mipangilio tuliyokubaliana ibaki. Anajua fika kuwa si kweli. Hajaniuliza tena.

Asubuhi ya Idi iliyopita, kabla ya sala, mama alikaa na mchele na pishi. Akapima yangu, akapima yake. Mkono ukasita juu ya gunia, kisha akalifunga. Nililia mbele yake bila kujificha. Yeye alipangusa mikono kwenye kanga.

"Leo kule Pundanhar wamefungua?" akauliza.

"Leo sikukuu, mama. Hakuna mtu wa kupokea."

"Basi nipigie," akasema.