Mashine ya Chupa za Mama Keji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kimoja cha soda mjini Nakuru, Msimamizi wa Zamu hakunionyesha mtambo. Alinipeleka nyuma ya stoo, akakiweka kidole changu kwenye plasta ya ukuta nipapase vipande vya kioo vilivyokwama humo. "Hiyo ni chupa moja tu," akasema. "Hewa ikikosa pa kutokea haiulizi nani ana watoto." Nikajibu ndiyo bwana, kama tulivyojibu kila kitu, nikaenda kuvaa ovaroli.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza ufundi, nami nimeshastaafu. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye kiwanda kile niliyashika maneno ya yule mzee. Niliyaacha siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa Juba.

Kiwanda kilipopunguza watu, rafiki aliniambia kwamba Sudan Kusini kumetiwa saini ya amani na mahoteli yanaota kama uyoga. Nikapanda basi. Nilipata kazi ya ukarabati katika hoteli ya mahema na makontena kando ya mto, chini ya Meneja, Mkenya mwenzangu, mtu mwema ila mwenye presha. Nilishughulikia jenereta, pampu na viyoyozi. Siku hizo karibu kila kitu kilitoka Uganda kwa lori, hata nyanya. Mvua ikiharibu barabara ya Nimule, lori lilikaa njiani siku nne, bia ikaisha, na wageni wakatununia kana kwamba sisi ndio tulioinyesha mvua.

Meneja akasikia habari za Mama Keji. Huyu alikuwa mama wa mtaa wa Hai Mauna aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake alikitoa huko huko. Alipika bia ya kimea cha mtama, yaani mtama uliooteshwa ukakaushwa, akatia asali na kuichuja mpaka ikang'aa. Wafanyakazi wetu waliinywa kwake kila Jumamosi. Meneja aliionja bilauri moja, akaongeza ya pili, kisha akaniita ofisini.

"Fundi, chupa za bia hii zikiwa za kutosha, nani atauliza lori liko wapi? Nenda uone yule mama anahitaji nini."

Nilikwenda na kalamu na daftari, nikakaa siku nzima. Alikusanya chupa zilizotumika, akaziosha moja moja kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Alijaza kwa kikombe na mrija. Kila chupa aliitia sukari ya kupima kwa kifuniko cha dawa ya meno, maana hamira iliyobaki ndani huila ile sukari na kutoa hewa, ndipo bia hupata povu. Lakini hakufunga. Alizifunika chupa zote kwa shuka, zikalala wazi. Asubuhi alizipitia akitazama shingo. Povu likipanda shingoni, bia ya chupa hiyo aliirudisha mtungini ingoje siku nyingine. Zilizotulia ndizo alizitia vizibo, akivigonga kwa gongo la mti, na kila siku shingo mbili tatu zilivunjika.

Nikaandika daftarini: uchafu, upotevu, uzembe. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Kwa wiki tatu nilichomelea na kutoboa. Kwanza nilitengeneza kioshio, bomba lenye matundu lililorusha maji ndani ya chupa sita kwa pamoja. Kisha ubao wa misumari wa kuning'iniza chupa zikauke kichwa chini. Kijazio kilikuwa pipa la plastiki juu ya meza, likishusha mirija minne ya mpira, na kila mrija nikautia vali, yaani kimlango cha springi: kikigusa kitako cha chupa kinafunguka, ukikiinua kinajifunga. Springi nilizitoa kwenye kalamu za ofisini, na Meneja akawa anashangaa kwa nini kalamu haziandiki. Kilichonivimbisha kichwa ni kifungio. Nilichukua mkono wa pampu mbovu ya kisima, nikauchomelea soketi ya kufungulia nati. Soketi inakikumbatia kizibo, unashusha mkono, meno ya kizibo yanakunjika pande zote sawasawa.

Mama Keji alifunga chupa ya kwanza, akaitikisa, akaigeuza kichwa chini. Halikutoka hata tone. "Kwes," akasema, yaani safi, akacheka mpaka akajifuta macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa unamuuma miaka mingi kwa lile gongo. Sitajinyima haki yangu: ile mashine ilimpumzisha.

Miezi mingi tulifanya kazi hivyo, mashine yangu na shuka lake. Lakini lile shuka lilinikera. Nilikuwa na mtambo wa kumaliza chupa mia mbili kabla ya chakula cha mchana, halafu tunangoja mpaka kesho tukitazama shingo za chupa kama waganga.

Kura ya maoni ya uhuru ilipokaribia, Juba ilijaa watu. Mahema yetu yote yalichukuliwa, wengine wakalala ukumbini. Meneja alikuja karakana jasho likimtoka. "Fundi, nataka kreti kumi leo. Si kesho." Nikaondoka kwenda Mauna.

Mama Keji alikuwa ameinamia mtungi, sikio karibu na mdomo wake. "Fundi, hii iko bado nasema," akaniambia. "Wacha ilale wazi. Kesho mimi naangalia shingo."

"Mama, mashine hii haina kesho," nikamjibu.

Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno kwa sababu niliyapenda. Nilijiona nimesema jambo. Alinitazama, akatazama mtungi, akasema, "Wewe ndio fundi," akaanza kunipa chupa. Tukajaza na kufunga kwa mkupuo mmoja, nami ndiye niliyeshika mkono wa kifungio.

Kreti tuliziweka katika kontena la stoo, na mnajua Januari ya Juba ilivyo. Siku ya tatu mchana Mama Keji alikuja kunisaidia kuzihamishia kwenye barafu. Aliinua kreti ya kwanza kifuani. Chupa moja ilipasuka, na jirani zake zikafuata. Nilimtoa nje nikiwa nimemshika mabega, naye hakupiga kelele, aliuliza tu, "Fundi, wewe mzima?"

Jicho lake la kushoto halikupona.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa langu. Meneja alimpeleka hospitali mwenyewe, kisha akaniambia, "Andika ripoti, useme ni joto." Nikaandika joto. Joto lilikuwepo kweli, lakini joto halikufunga vizibo.

Hoteli iliacha ile bia. Miezi michache baadaye, kabla ya sherehe za uhuru, mkataba wangu uliisha. Nikapanda boda boda kwenda Mauna kumuaga. Nilimkuta amechuchumaa, anajaza kwa kikombe, kichwa amekigeuza upande ili jicho moja lione mrija. Kioshio alikuwa bado anakitumia, na ubao wa misumari, hata kifungio. Pipa la kijazio lilikuwa limekatwa katikati, kuku wananywea maji humo.

"Fadal, kaa," akanikaribisha, akanisogezea jerikani.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Badala yake nikaanza kumweleza jinsi ningemtengenezea kijazio kingine, chenye wavu wa kumkinga uso. Mtu wa vyuma akikosa maneno hurudi kwenye vyuma.

"Mashine halas, imetosha," akasema bila hasira. "Tengeneza mimi kiti. Fupi, ya kukaa hapa. Hii kazi iko ndefu, mgongo nauma."

Nikapima urefu kwa kiganja, viganja viwili kutoka ardhini, nikamwambia kesho asubuhi. Nikarudi hotelini. Kesho yake nilipanga nguo zangu, nikazipanga tena. Keshokutwa yake nikapanda basi la Nairobi.

Wajukuu na vijana wa gereji jirani huniuliza kazi gani ilinishinda maishani. Huwatajia jenereta fulani la Kichina, wakacheka. Mimi nawaambia nyinyi ukweli: ni kiti cha viganja viwili, vipande vitano vya mbao na misumari michache. Mbao nilikuwa nazo chini ya kitanda. Muda nilikuwa nao. Niliogopa kwamba nikimpelekea, atanishukuru.