Nilivyofunga plamu za mama kama miraa

Wakuu, habari za jioni. Niko Majimbo hapa Embu, mvua imenifungia ndani, kwa hivyo wacha niandike kitu nimekaa nacho tangu Desemba.

Sitaongeza chumvi. Humu hakuna mapenzi wala wachawi, ni matunda tu. Mwenye haraka apite.

Kwetu ni Kangeta. Kwa wasiojua, huko ndiko miraa inatoka. Lakini mama si mzaliwa wa huko, ni mtu wa Kinangop, kule kwa baridi. Aliolewa huku kwetu Igembe akiwa msichana, akajifunza Kimeru, akazeeka nacho.

Kila Desemba dada yake alikuwa anamtumia katoni ya plamu kutoka shamba la kwao. Zile nzima mama alitugawia sisi watoto, zilizopondeka chini ya katoni akabaki nazo. Tulikuwa tunadhani anajinyima.

Mwaka jana huyo dada yake akafariki.

Baada ya mazishi mama akaacha kula. Si mgomo. Anaketi mezani, anakoroga chakula, anarudisha sahani. Daktari alimpima, akasema haoni ugonjwa.

Kendi, mke wa ndugu yangu, ndiye anaishi naye. Akanipigia simu. "Shem, mama amekuwa mwepesi. Jana nimemshika mkono avuke mtaro nikaogopa."

Nikauliza anakula nini.

"Chai. Na ameuliza kama plamu zimeiva kwao."

Basi nikajua kazi yangu ni gani.

Msimu ukifika plamu zinaletwa mpaka soko la Embu. Nilichagua moja moja, zilizoiva, bila doa, mpaka mama muuzaji akaniuliza kama napeleka kwa wakwe.

Sasa kufunga. Mtu wa Kangeta hafundishwi kufunga mzigo. Mimi nilianza kufunga miraa kabla sijajua kusoma. Majani mabichi ya mgomba, unanyunyiza maji kidogo, unakaza, na itafika popote vile ilitoka shambani. Nikaomba majani kwa jirani, nikafunga plamu hivyo hivyo. Nikakaza vizuri sana.

Zikalala hivyo, na kesho yake njiani jua halikuwa na huruma. Pale Makutano, Meru, nilikaa sana nikingoja gari la Maua lijae, mzigo uko juu ya dashboard. Nikaanza kusikia harufu ya pombe, kama muratina. Nikaangalia mzee tuliyeketi naye, nikamhukumu kimoyomoyo.

Kumbe ni mimi.

Nyumbani nilimwekea mama mzigo mapajani, nikakata kamba. Kendi akageuza uso. Plamu karibu zote zilikuwa zimepasuka, maji yanashuka kwa leso ya mama.

Miraa ni tawi, inataka unyevu. Tunda linataka hewa. Hiyo kwetu hakuna mtu alinifundisha.

Niliumia, wakuu. Mama alikuwa ametaka kitu kimoja tu, nami nimekiharibu kwa ujuzi wangu mwenyewe. Nikanyoosha mkono nikatupe.

Mama akanipiga kofi mkononi.

"Wacha, baba."

Ananiita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Akachukua moja iliyopasuka, akainyonya mpaka kwa kokwa. Halafu ingine. Alikula mpaka kidevu kikalowa, na mimi nikajifanya naangalia ng'ombe.

Aliposhiba akasema, "Kwetu zile nzima zilikuwa za soko. Hiyo ni fees ya shule, baba yangu hangekubali uguse. Mimi na dada tulikuwa tunaokota zenye zimeanguka zikapasuka. Yeye alikuwa ananiachia zile hazijaingiwa na siafu."

Hapo ndipo alilia. Tangu mazishi hakuwa amelia hata kidogo, Kendi ndiye aliniambia baadaye.

Jioni aliitisha chakula mwenyewe. Kidogo, lakini aliitisha.

Januari, kabla msimu uishe, nikarudi nikiwa mjanja. Katoni yenye matundu, magazeti katikati, hakuna hata moja imeguswa. Mama akaangalia ndani, akazisifu kabisa, kisha akamwambia Kendi awapelekee majirani.

Akanigeukia. "Zangu, baba, funga kwa majani."

Funzo langu ni dogo. Nilikuwa namtafutia mama kitu kizuri, na yeye alikuwa anatafuta dada yake.

Kwa sasa anakula, si kama zamani, lakini anakula. Jirani wangu wa mgomba nimeshamwambia ajiandae Desemba.

Sasa nyinyi. Wazazi wenu walikula nini utotoni? Siulizi kile kiliuzwa, nauliza kile kilibaki. Kama hujui na bado yuko, mpigie kwanza, halafu urudi hapa utuambie.