Matuta ya Mwalo wa Mchangani

Selestini alizaliwa Kalinzi, juu milimani. Labda ndiyo maana, ingawa sasa ana miaka arobaini na sita na anaishi Katubuka, katika mji ulio kando ya ziwa, hajawahi kuingia ziwani kupita vifundo vya miguu. Hata hivyo, sijui mtu mwingine mjini aliyelitazama ziwa mara nyingi kama yeye. Hulitazama kwenye kompyuta, mlango ukiwa umefungwa, kikombe cha kahawa ya kwao kikiwa pembeni.

Kazi yake ni kuandaa picha za rada. Kila baada ya siku kumi na mbili setilaiti hupita juu yetu, yapata saa moja asubuhi, na kurusha mawimbi ambayo hata mawingu hayayazuii. Yakikuta miti, mapaa au mawe, mengi hurudi, na hapo picha huwa nyeupe. Yakikuta maji yaliyotulia, huteleza yakaenda zake, na hapo huwa nyeusi. Picha hufika imejaa chengachenga, milima imeegemea upande kama watu waliotoka kilabuni. Selestini huzichuja chenga na kuinyoosha milima. Anafanya hivyo kama mama yake alivyochambua buni, punje kwa punje, wala hataki kuharakishwa. Mkewe, Rozalia, husema anatamani nyumba yao nayo ingekuwa picha, ule mlango wa jikoni upate kunyooshwa.

Mwaka juzi ziwa lilipopanda, kamati ya mwambao iliiomba ofisi yetu ndogo ya ramani ionyeshe sehemu zilizozama, ili watu wake wahamishwe. Selestini akatoa ramani safi sana. Mwalo wa Mchangani, ufuko wa kushushia samaki kule Ujiji, ulikuwa wa buluu mwanzo hadi mwisho.

Jumatatu iliyofuata aliingia ofisini Bi Shadia, kiongozi wa waanika dagaa wa mwalo huo, na beseni kichwani.

"Shikamoo, mama," alisema Selestini.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyetuzamisha?"

"Si mimi, mama. Ni picha."

"Basi iambie picha ionje." Akalitua beseni juu ya meza. Dagaa walikuwa wakavu hadi wanalia. "Hawa nimewaanika jana, chini ya hayo maji yako."

Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Bi Shadia hakucheka.

"Kamati inakaa tarehe ishirini na nane. Ramani hii ikipita, tunapelekwa juu huko kwenye majani, mbali na mitumbwi. Dagaa watatuozea njiani. Tuko wanawake themanini na wawili, baba."

"Lakini mama, hapo ni peusi tangu Februari. Rada haidanganyi."

"Umefika?"

Selestini akaangalia kikombe chake. Kutoka ofisini hadi Mchangani ni dakika kumi na tano kwa bodaboda. Kwa miaka sita alikuwa ameuandaa mwalo ule kwenye picha zaidi ya mia.

Kesho yake alfajiri tulikwenda. Alikuwa amenunua mabuti ya mpira yanayofika magotini. Maji tuliyakuta hatua hamsini kutoka mahali wanapoanza kuanika dagaa.

"Angalieni umande, jamani," mwanamke mmoja aliita, "usije ukamzamisha mgeni!"

Selestini alikuwa anatazama mifagio. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari, wanaufagia mchanga mwalo mzima kabla mitumbwi haijafika. Waliacha nyuma yao uwanja laini kama shuka iliyopigwa pasi, na aliyeukanyaga alizomewa. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano.

"Mnafagia kila siku saa hizi?" aliuliza.

"Kila siku, tangu Februari maji yalipotusogeza huku. Kwani nyie Kalinzi mnaanika chakula kwenye takataka?" alijibu Bi Shadia.

Selestini akachuchumaa, akaupapasa mchanga. "Mnafagia vizuri mno, mama. Mawimbi ya rada yanateleza hapa kama yanavyoteleza kwenye maji."

Mkuu wetu wa ofisi alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho, kisha akasema kamati iliomba picha, haikuomba hadithi ya mabuti. Setilaiti ingepita tena tarehe ishirini na nne. Selestini akarudi Mchangani na ombi.

"Siku hiyo msifagie. Limeni matuta, kama ya viazi, mwalo mzima, mawimbi ya rada yapate pa kugonga na kurudi."

"Umeshindwa kutuona," alisema Bi Shadia, "sasa unatulimisha?"

Lakini siku ilipofika walikuwapo wote, na majembe ya kuazima. Wengine walikuwa hawajashika jembe tangu waolewe. Wavuvi wakaita kutoka kwenye mitumbwi, wanauliza kunapandwa nini.

"Mafuriko!" Bi Shadia aliwajibu.

Matuta matatu ya kwanza aliyalima Selestini mwenyewe, yamenyooka kama yamepimwa kwa kamba. Wanawake wakakubali kwamba, kumbe, kuna kazi anayoijua.

Picha ilifika baada ya siku mbili. Aliichuja, akainyoosha, akairudia mara tatu. Palipokuwa peusi sasa palikuwa na ukanda wa rangi ya majivu, na ukingo wa maji ulionekana hatua zilezile hamsini mbele yake. Kamati ilipoziona picha mbili hizo bega kwa bega, buluu ikafutwa na mwalo ukabaki pale ulipo. Wiki iliyofuata Selestini alizungukia kila mwalo mwingine aliokuwa ameupaka buluu. Safari hii alivaa ndala. Miwili nayo aliikuta mikavu.

Mchangani bado wanafagia kila alfajiri, isipokuwa pembe moja ya kaskazini waliyoiacha na matuta yake. Picha mpya ikifika, Selestini huitafuta pembe hiyo kwanza, kabla hajagusa kahawa. Na Bi Shadia, akipata mtu wa kumtuma, humletea dagaa kidogo kwenye gazeti, na ujumbe uleule: mwambieni hawa ni wa nchi kavu.