Daktari wa Makosa

Zein alipiga hodi mara moja tu, akasimama kizingitini kwa Mejumaa bila kumwangalia usoni. Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Mji wa Kale, mtu wa mizaha. Asubuhi hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Dada, Chirau ametutoka. Ni moyo. Alikuwa ameketi mezani pake, tukadhani ameinama anaandika."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Mejumaa. Ungo wa mchele ukabaki mapajani. Mwaka mzima na miezi mitatu hakuwa amesema na ndugu yake.

Yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Chirau alikuwa na miaka sita. Mejumaa alimpikia, akamfulia, akamsimamia chuoni kwa Kurani na shuleni. Aliporudi na udaktari wake, majirani wa mtaa wa Buxton walijaa nyumbani, na tangu hapo Mejumaa akawa "dada wa daktari". Jina hilo alilivaa kama leso ya Idi.

Kisha, mwaka 1994, kikatokea kisa cha mzee Kaingu. Wodini wazee wawili walilala vitanda jirani. Chirau, amechoka hajiwezi, alimwinamia mmoja akamwuliza, "Wewe ndiwe mzee Tsuma?" Aliyelala pale alikuwa Kaingu. Hakusikia vizuri, lakini adabu aliijua: daktari akisema, habishiwi. "Naam, daktari," akajibu. Akadungwa sindano ya mwenzake, dawa ambayo mwili wake hauikubali. Adhuhuri haikumkuta.

Wakubwa wake walimshauri Chirau anyamaze. Yeye alikwenda kwa wana wa marehemu, akaketi chini, akawaeleza yote. Walilia, wakamsamehe. Kujisamehe mwenyewe ndiko kulikomshinda. Alivua koti jeupe, akaomba chumba kidogo hapo hospitalini, yeye na Zein wakaanza utafiti. Walizunguka wodi baada ya wodi wakiwauliza wauguzi ni wapi walipokosea, pasi na kuandika jina la mtu. Waligundua kwamba wagonjwa wengi humwitikia daktari kwa heshima tu, hata akiwa amekosea. Wakawafundisha wauguzi wasimtajie mgonjwa jina, wamwache ajitaje mwenyewe.

Mejumaa hakutaka kuyasikia hayo.

"Watu wanaumwa, wewe waandika! Mimi nililea daktari, sikulea karani."

"Dada, nikitibu, natibu mmoja. Nikijua twakosea wapi, huenda wakapona wengi nisiowajua."

"Wajua wanakuitaje hapo mferejini? Daktari wa makosa!"

Chirau akacheka. "Basi hilo hawakukosea. Ndiyo kazi yangu."

Kicheko kile kilimchoma. "Usikanyage hapa mpaka uvae koti lako," akasema.

Chirau hakuwahi kuvunja amri ya dada yake. Hakukanyaga.

"Salamu zake nilikuwa nakuletea," Zein akasema sasa, pale kizingitini, "nawe hukuwa ukijibu. Lakini kila Jumatatu aliniuliza, 'Dada hajaniita?'"

Mejumaa akauweka ungo chini, akajifunika uso kwa leso.

Chirau hakuwa na mke, kwa hivyo maiti ililetwa kuoshewa nyumbani kwa dada yake. Mungu amrehemu, alikuwa na miaka thelathini na minane. Walipomaliza kumkafini waliuacha uso wazi, wakamwita Mejumaa aingie.

Alipiga magoti. Alimbusu kwenye paji la uso, na lilikuwa baridi.

"Nilikukosea, ndugu yangu," akasema. "Nipe radhi."

Akaweka mkono juu ya sanda. Mtu mmoja akamgusa begani kwa upole, akasema saa imefika. Wakaufunika uso.

Baada ya Alasiri wanaume walilinyanyua jeneza wakaelekea msikitini, kisha makaburini Kikowani. Wanawake hawafuati. Mejumaa alisimama mlangoni akisikiliza tahalili ya wasindikizaji mpaka ikapotea, kisha akaingia ndani, akaketi mkekani pamoja na waliokuja kumpa pole.