Rejeta ya Trekta la Baba

Binti fundi alikuwa amelala chali chini ya trekta, uso umejaa kutu, mama yake aliposimama mlangoni mwa gereji.

"Mwanangu, toka huko. Baba amepumzika."

Walishikana wakalia mpaka wakachoka. Kisha mama akajifuta machozi kwa pindo la nguo.

"Alisema apelekwe makaburini kwa trekta lake, si kwa gari la kukodi."

"Rejeta inavuja, mama."

"Imeanza leo? Hilo limenyweshwa maji na baba yako kabla mimi sijanyweshwa chai!"

Binti akacheka huku kamasi zinamtoka.

Mazishi yalikuwa kesho yake, na rejeta ya trekta la kale kiasi kile haipatikani dukani. Akaifungua, akasugua kutu, akaziba tundu kwa lehemu. Ikabaki kuijaribu kwa mtindo wa marehemu, ambaye hakuwahi kuamini macho yake peke yake: midomo yote ya rejeta huzibwa isipokuwa mmoja, rejeta huzamishwa kwenye nusu pipa la maji, mtu mmoja hupuliza kwa mpira uliochomekwa kwenye mdomo huo, na nyumba nzima huinama kutazama. Wa kwanza kuona povu hupiga kelele.

Kaka mtu akapuliza, mashavu yakavimba.

"Huyo!" akapaza sauti shangazi, dada wa marehemu, aliyekuwa ndiyo kwanza amewasili. Povu lilipanda pembeni kabisa, mahali ambapo binti hakupagusa.

"Wifi, una macho ya mwewe," mama akasema.

"Ni ya kaka yangu haya. Mimi kaniazima tu."

Binti akaziba na hapo. Wakainama tena, vichwa vinagongana. Maji yakatulia tuli.

"Mungu apewe sifa!" mama akasema, wakapiga makofi, kaka mtu akiwa hoi, hana pumzi hata ya kuitikia amina.

Kesho yake trekta lilipanda kilima likinguruma, binti kwenye usukani, jeneza kwenye tela. Watu kando ya njia walilia, wengine wakatabasamu na kupunga mikono. Kileleni binti alishuka, akachungulia chini ya injini. Majani yalikuwa makavu, hakuna hata tone la maji.

Mchungaji aliomba. Wakashusha jeneza kwa kamba, kila mmoja akatupa udongo, mama wa kwanza. Kaburi lilipojaa waliimba wimbo mmoja, wakaweka maua, wakarudi nyumbani.